Hesabu, Bao na Bakora

(Hotuba iliyotolewa ukumbini, mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Umoja wetu, na mwalimu mstaafu wa Hisabati ambaye pia ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Inachapwa hapa kwa maombi ya wanachama. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu wazee tumewanyang'anya viti:

Katibu wetu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya Hisabati na Maendeleo ya Taifa. Namwomba radhi mbele yenu. Kwa miaka 38 niliyoshika chaki nimezisikia hotuba nyingi za namna hiyo, na baadhi yake nilizitoa mwenyewe, lakini sikupata kuona hata moja iliyomfanya mtoto ahesabu vizuri zaidi kesho yake. Leo nataka kuzungumza juu ya michezo na mafumbo. Na kabla sijafika huko, inanibidi niungame kosa nililolifanya katika shule hii hii, maana bila ya kosa hilo nisingekuwa na la kuwaambia.

Niliingia hapa Kidato cha Kwanza mwaka 1969. Wamo humu ukumbini watu watatu tuliolala nao bweni moja, nao wanajua ya kuwa nilikuwa mtu wa hesabu, wala si mtu wa mpira. Nilirudi mwaka 1977 nikiwa mwalimu kijana, suruali ya bugaluu, nywele nyingi, na hamu kubwa ya kuona darasa langu linaongoza. Nikaweka desturi moja. Kila Jumatatu asubuhi palikuwa na jaribio la maswali kumi. Aliyepata chini ya matano alilipa upungufu kwa bakora: mwenye manne alichapwa moja, mwenye matatu mbili, na kuendelea. Niliiona ni haki tupu, kwa kuwa ilikuwa hesabu. Naona baadhi yenu mnacheka. Mnacheka kwa sababu mliwahi kulipa.

Katika Kidato cha Pili alikuwamo kijana mmoja wa kutoka pwani, mpole, ambaye hakuvuka maswali mawili hata siku moja. Kila Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenda kusimama mbele, kabla hata sijamaliza kusoma majina, kama mtu anayefuata haki yake. Niliandika katika taarifa yake ya mwisho wa muhula maneno haya: "Hana akili ya namba."

Jumamosi moja nilikwenda mjini kuziba pancha ya baiskeli. Karibu na fundi wangu palikuwa na mwembe, na chini yake watu walikuwa wakicheza bao. Nikaona duara la watu waliokaza macho, nikasogea. Mkabala na mzee mmoja mwenye kanzu aliketi yule kijana wangu, na kaptula yake ya shule.

Wasiojua bao niwaeleze kidogo. Bao letu la Kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji ana mistari miwili na kete 32. Mwanzoni anaweka kete sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. 22 zilizosalia hukaa mkononi, akaziingiza moja moja kwa kunamua. Akila, kete alizokula huzigawa upya kuanzia pembeni, moja kila shimo. Ya mwisho ikiangukia penye kete, huenda akala tena au akaendelea kuzunguka. Ikiangukia penye shimo tupu amelala, na zamu ni ya mwenzake. Kwa hiyo hatua moja huweza kuzunguka mara kadhaa, na hali ya mashimo inabadilika njiani. Mchezaji wa kweli hajaribu kwa mkono. Huhesabu yote kichwani, mkono hufuata baadaye. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliwachunguza mafundi wa bao wa Unguja kwa jambo hilo hilo, akalitolea kitabu mwaka 1995.

Basi yule kijana alitazama ubao kwa muda mrefu, kisha akasema polepole: "Mzee, nikila hapa nitazunguka, nitakula tena mara moja, halafu nitalala. Nawe mbele utabakiwa na kete tatu." Mzee akamjibu: "Cheza, mwanangu, usihubiri." Akacheza. Mimi nilijaribu kumfuata kwa macho nikapotea kabla hajakula mara ya pili. Alipolala, mbele ya mzee zilibaki kete tatu.

Yaani kijana aliyeshindwa kuniambia thamani ya x katika 7x – 3 = 18 alikuwa akihesabu kichwani mambo ambayo mwalimu wake hakuyaweza hata kwa kuyatazama.

Mtatazamia niseme kwamba siku ile nilizinduka. Sikuzinduka. Nilishika baiskeli yangu nikaondoka, nikijiambia kwamba kijana huyu anaipoteza akili yake katika michezo. Jumatatu nilimchapa tatu kama kawaida, na moja ya nyongeza kwa kuzurura mjini. Baada ya likizo ya Desemba hakurudi. Nikakata jina lake katika daftari la mahudhurio kwa rula, mstari ulionyooka.

Mwaka 1997 nilihitaji mtu wa kunipaulia nyumba, nikaelekezwa kwa seremala mmoja aliyesifiwa kwamba hapotezi ubao. Alikuwa yeye. Alinipa kigoda, akaagiza soda, akaja kupima, akapiga hesabu ya mbao na mabati pasipo kalamu. Usiku niliirudia kwa karatasi nikaikuta sawa. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Wakati wa kuagana tu ndipo aliponiuliza: "Mwalimu, binti yangu anaanza sekondari Januari. Hesabu bado zinachapwa?"

Nikamwambia inategemea mwalimu. Katika majibu yote niliyopata kuyatoa maishani, hilo ndilo ninaloliona haya zaidi.

Ndugu zangu, tangu siku ile nilianza kujiuliza tofauti ya ubao wangu wa darasani na ule wa mwembeni. Pale mwembeni aliruhusiwa kutazama kimya mpaka aone. Akikosea, alishindwa, kete zikapangwa upya, wakaanza tena. Hakuna aliyemwandikia taarifa. Darasani kwangu kukosa kulikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana tangu Ijumaa. Mtoto anayeogopa hahesabu maswali, anahesabu bakora.

Wala msidhani kuwa hayo ni mambo ya zamani. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2021, na tena wa 2022, nchini kote aliyefaulu Hisabati alikuwa kama mtahiniwa mmoja tu kati ya kila watano. Hao wanne waliobaki hawakuzaliwa bila akili ya namba. Wanatumwa dukani na kurudi na chenji kamili. Wanacheza drafti na karata, nao hawakubali kupunjwa hata kokoto moja. Kuna mahali njiani tunapowatisha, nami najua mahali hapo kwa kuwa nilikuwa nimesimama papo hapo na fimbo mkononi.

Bakora niliiweka chini mwaka ule. Mwaka uliofuata nikaanzisha kikao cha Alhamisi baada ya vipindi, kikao cha mafumbo. Masharti yalikuwa machache: hakuna alama, hakuna adhabu, na anayelijua jibu halitamki, bali humwuliza mwenzake swali la kumsaidia. Siku ya kwanza walikuja sita, na wawili kati yao walikuwa wamekosea chumba.

Niliwaanzia na kokoto. Weka kokoto 21 chini. Wachezaji ni wawili, na kila mmoja kwa zamu yake huchukua moja, mbili au tatu. Anayechukua ya mwisho ndiye mshindi. Nilicheza nao mmoja mmoja, nikawashinda wote, wakasema nina uganga. Wiki nzima nilikuwa nikiwakuta wamechuchumaa nyuma ya bweni, kokoto katikati. Alhamisi ya pili mmoja akasimama akasema: "Mwalimu, ukiniachia nne nimekwisha. Nikichukua moja, wewe utachukua tatu. Nikichukua mbili, utachukua mbili. Nikichukua tatu, utachukua moja." Nikamwuliza: "Na kabla ya nne, ungependa kuniachia ngapi?" Akakaa chini kimya. Mwenzake akadakia kwa swali, kama ilivyo sharti letu: "Kwani nani atafika kwenye nne?" Basi wakarudi nyuma hatua kwa hatua: nne, nane, 12, 16, 20. Anayeanza na kokoto 21 achukue moja tu, aache 20, na tangu hapo kila mwenzake anapochukua, yeye akamilishe nne.

Nikabadili mchezo. Kokoto 30, na ruhusa ya kuchukua hadi nne. Hawakuchukua muda kuona kwamba sasa wanahesabu kwa tano, na kwa kuwa 30 hugawanyika kwa tano bila baki, safari hii ni heri kumpisha mwenzako aanze. Vijana hao walikuwa wamefundishwa kugawanya na kubakisha tangu shule ya msingi, lakini hapo ndipo walipoona baki inafanya kazi. Zaidi ya hayo, walikuwa wamethibitisha. Hawakusema "nadhani", walisema "lazima", na waliweza kueleza kwa nini. Huo ndio moyo wa Hisabati, nao waliupata wamechuchumaa. Vijana wanaotaka kwenda mbele zaidi wajue kwamba mchezo wa ukoo huo huo, wenye mafungu kadhaa badala ya moja, ulitatuliwa kikamilifu na Mmarekani Charles Bouton mwaka 1901, akauita Nim.

Siku nyingine niliwapa kesi ya mikate, ambayo katika nchi za Kiislamu husimuliwa kama hukumu ya Sayyidna Ali. Wasafiri wawili waliketi kula, mmoja ana mikate mitano na wa pili mitatu. Akapita mgeni, wakamkaribisha, wakala mikate yote minane sawa kwa sawa. Mgeni alipoondoka aliwaachia sarafu nane. Mwenye mitano akasema: mimi nichukue tano, wewe tatu. Mwenye mitatu akakataa, akataka nne kwa nne. Je, haki ni ipi?

Darasa liligawanyika kama baraza la wazee wa ukoo. Wengi walisema tano kwa tatu, nao walikuwa wakali kwa hilo. Wengine walisema nne kwa nne, kwa sababu chakula ni ukarimu, haupimwi. Mmoja ambaye hakuwa akisema kitu akauliza: "Mgeni alikula mikate ya nani?" Pakawa kimya. Wakachora mikate ubaoni, kila mmoja vipande vitatu, jumla 24, na kila mtu alikula vinane. Mwenye mitano alikuwa na vipande 15, akala vinane vyake, saba vikaliwa na mgeni. Mwenye mitatu alikuwa na vipande tisa, akala vinane, mgeni akapata kimoja tu. Haki basi ni sarafu saba kwa moja, na yule aliyeng'ang'ania nne aliikosa hata tatu aliyopewa. Kisa cha namna hiyo kimo pia katika kitabu alichokitoa Leonardo wa Pisa, anayejulikana kwa jina la Fibonacci, mwaka 1202, ila mikate yake ni mitatu na miwili. Vijana wale wale ambao theluthi ziliwatoa jasho katika daftari walizikata wenyewe, pasipo kuambiwa, kwa sababu walitaka kujua nani amedhulumiwa.

Fumbo la tatu mnalijua nyote: mtu, chui, mbuzi na majani, na mtumbwi usiobeba zaidi ya mtu na kimoja. Chui akiachwa na mbuzi atamla, na mbuzi akiachwa na majani atayala. Wazungu nao wanalo, la mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, katika mkusanyo wa Kilatini unaonasibishwa na mwalimu Alcuin aliyefariki mwaka 804, na jina la mkusanyo huo maana yake ni maswali ya kunoa vijana. Jibu sitalieleza, ila nitawaambia wanafunzi hukwama wapi. Hukwama pale inapobidi kumrudisha mbuzi ng'ambo alikotoka. Hawataki. Wanaona wanapoteza walichokwisha kukipata. Mara ngapi katika aljebra mwanafunzi hukataa kurudi nyuma hatua moja, akaharibu swali zima? Sikuweza kuwafundisha hilo kwa ubao wala kwa fimbo. Mbuzi aliwafundisha.

Sasa niseme ukweli kamili, maana walimu wenzangu wananitazama. Mafumbo hayachukui mahali pa mazoezi. Mtoto asiyejua jedwali lake atakwama hata kwenye fumbo. Wapo waliohudhuria Alhamisi zote na alama zao zikabaki pale pale. Na fumbo lenyewe huweza kugeuzwa kuwa bakora ya pili, pale mwalimu anapolitumia kuonyesha werevu wake, au anapowasifu wawili wanaowahi na kuwasahau arobaini wanaofikiri taratibu. Mashindano yana mahali pake. Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika ilianza Rabat, Morocco, mwaka 1987, nami ningefurahi kijana wa hapa afike huko. Lakini kikao cha Alhamisi si cha kumtafuta bingwa. Ni cha yule anayesimama wa kwanza kungojea fimbo.

Niliyoyaona ni haya. Kengele ya chakula ililia nao hawakuondoka. Walianza kusema "sijui" bila ya kuinamisha kichwa. Wakaanza kuuliza maswali katika kipindi cha kawaida, ambako zamani ningeweza kusikia inzi anaruka. Kwa mwalimu huo ni mwanzo mwema kuliko alama.

Nilimwomba yule seremala aje awafundishe bao. Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alisita mlangoni pa chumba kile cha zamani cha Kidato cha Pili, akauliza kama aingie. Nikamwambia, ingia, fundi. Aliweka bao juu ya meza yangu, wanafunzi wakamzunguka, nami nikasimama nyuma yao. Nilimwomba msamaha jioni ile tulipokuwa tukirudi. Akasema yamepita, kisha tukazungumza juu ya mvua.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili, na hakuna hata moja linalohitaji mchango wa fedha.

La kwanza ni kwa shule. Tangu nilipostaafu mwaka 2015 kikao cha Alhamisi kimelegea, na sababu ninazijua: mtaala mrefu, madarasa yamejaa, walimu wa Hisabati wachache. Lakini kinahitaji saa moja kwa wiki, mfuko wa kokoto na mtu mzima mmoja awezaye kunyamaza. Wanachama tunaoishi karibu tunaweza kupeana zamu. Si lazima uwe mwalimu. Mwenye duka aje na fumbo la chenji, fundi aje na la mbao, dereva aje na la mwendo na saa.

La pili ni kwa gazeti hili letu. Mwaka 1894, katika mji wa Győr nchini Hungary, mwalimu wa sekondari aitwaye Dániel Arany alianzisha gazeti la hisabati kwa wanafunzi. Lilitoa maswali, wanafunzi wakapeleka majibu, na waliofaulu majina yao yakachapwa. Mmoja wa watoto waliokua wakiyajibu maswali hayo ni Paul Erdős, aliyekuja kuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Sisi tuna gazeti tayari. Tunachapa humo harusi zetu, rambirambi zetu na matokeo ya mpira. Namwomba Mhariri atenge nusu ukurasa kwa fumbo moja kila toleo, na toleo linalofuata achape majibu ya vijana wetu.

Naye asipate kisingizio, la kwanza hili hapa. Asubuhi tulipofungua mkutano Mwenyekiti alituagiza tusalimiane. Tuseme kwamba kila aliyekuwapo alipeana mkono na kila mwenzake mara moja tu, na Katibu, kwa uangalifu wake tunaoujua, akahesabu mikono iliyopeanwa akapata jumla ya 1,225. Je, tulikuwa watu wangapi?

Wazee mliokwisha kulipata, nyamazeni, waachieni vijana. Nanyi vijana, majibu yapelekeni kwa Mhariri, kila mmoja akiandika pia jinsi alivyofikiri na mahali alipokwama. Asiyepata jibu naye aandike alipofika. Hakuna atakayechapwa.